Sanamu Iliyomsubiri Mgeni Rasmi

Isome hadi mwisho ndipo umpelekee mwenzako, hasa mwenzako mwenye mhuri.

Katika jiji moja, katikati kabisa, palikuwa na bustani mpya. Ilikuwa na lango la tao lililopambwa kwa vigae vya rangi, banda la muziki lenye paa kama mwavuli, na chemchemi ya marumaru ambayo ilitoa maji siku ya majaribio, kisha ikapumzika hadi leo. Katikati ya bustani, juu ya jukwaa la zege lenye uzio, yalisimama maumbo mawili yaliyofunikwa maturubai ya kijani. Maturubai yalifungwa kamba moja, na fundo la kamba likapigwa lakiri, nta yenye mhuri.

Hiyo ilikuwa sanamu. Haikuruhusiwa kuonekana mpaka mgeni rasmi aje kuizindua.

Msimamizi wa bustani aliitwa Bwana Semkiwa. Alikuwa mtu mwema, na hilo lisemwe mapema, maana huko mbele litakuwa gumu kuamini. Katika miaka ishirini na sita ya utumishi hakuwahi kupoteza faili wala kufungua lisilomhusu. Ufunguo wa uzio ule aliuvaa shingoni kama wengine wanavyovaa rozari.

Aliyeitengeneza sanamu ni Mzee Chitanda. Aliijenga kwa saruji na nondo uani kwake, vipande viwili: mama aliyepiga magoti akinyoosha mikono, na mtoto anayemkimbilia. Vipande vilifungwa maturubai hukohuko uani, kwa amri, ili mtu yeyote asivione kabla ya mgeni rasmi. Siku ya kuvisimamisha, mzee alikuja kuwaelekeza mafundi. Akazuiwa langoni, kwa kuwa jina lake halikuwamo kwenye orodha ya wanaoruhusiwa kuingia eneo la ujenzi. Hivyo hakuwahi kuwaona mama na mwanawe wakiwa pamoja.

Kisha macho yakaanza kumwishia. Daktari alimwambia ni presha ya macho, nayo imeshakula sehemu kubwa; kilichobaki hakitavuka masika.

Jumatatu moja akaja bustanini akiongozwa na binti yake, Emeliana.

"Shikamoo, mzee wangu," Bwana Semkiwa alisema akiinuka.

"Marahaba, mwanangu. Nimekuja kuomba dakika moja. Nifunulie nione kama mtoto amemfikia mama yake, halafu funika."

"Mzee, ingekuwa ni yangu ningekupa hata siku nzima. Lakini kuna utaratibu. Mgeni rasmi anakuja tarehe kumi na nne mwezi ujao. Imeshachongwa kwenye jiwe la uzinduzi."

Na kweli ilikuwa imechongwa. Tarehe kumi na nne mgeni rasmi akawa safarini. Jiwe likachongwa upya. Tarehe ya pili ikaangukia kikao cha bajeti. Ya tatu ilipokaribia, ikagundulika kwamba yuko mgeni mkubwa kuliko mgeni rasmi, naye angependa kualikwa. Ikabidi yule wa kwanza aandikiwe barua ya kumshusha awe mgeni wa kawaida, na hakuna aliyekuwa na ujasiri wa kuisaini.

Watu wa jiji waliyazoea maturubai. Waliokuja kupumzika mchana waliegemea uzio wake wakila mihogo ya kukaanga. Maharusi walipiga picha mbele yake. Mwalimu mmoja alileta darasa zima, akawaeleza wanafunzi kwamba hiyo ni sanaa ya kisasa.

Mzee Chitanda alikuja kila Jumatatu. Bwana Semkiwa alimpa kiti na chai ya tangawizi, akamsomea barua mpya kutoka juu kuhusu tarehe mpya. Matiku, mlinzi wa bustani, alisikiliza kwa muda mrefu kuliko alivyoweza kuvumilia.

"Bosi," alisema siku moja, "mimi nageuka naangalia barabarani. Wewe hukuniona, na mimi sikukuona. Lakiri tunapiga nyingine. Mhuri si uko mezani kwako?"

"Matiku, nchi huharibika hivyo hivyo."

"Kwa babu kuangalia kazi ya mikono yake?"

"Kwa kuanza na dogo."

Mzee akacheka mpaka chai ikamwagika. "Mwache, Matiku. Nchi yenye mtu kama huyu haiwezi kuibiwa turubai."

Jumatatu nyingine mzee alikaa akamkazia macho Bwana Semkiwa bila kupepesa.

"Wiki iliyopita nilikuona uso mzima," alisema. "Leo naona tai tu. Na yenyewe imepauka, mwanangu, nunua nyingine."

Emeliana hakucheka. "Kaka," alisema, "mimi siombi sherehe. Naomba baba aone. Wiki ijayo sijui."

Siku hiyo Bwana Semkiwa aliinuka. Alikwenda hadi kwenye uzio, akaivua kamba ya ufunguo shingoni, akautia ufunguo ndani ya kufuli. Nyuma yake alisikia fimbo ya mzee ikigonga vigae, tak, tak, ikimfuata kwa haraka. Ndipo akaikumbuka fomu. Kila Ijumaa alijaza fomu yenye mstari usemao *Hali ya lakiri*, na kila Ijumaa, kwa mwaka mzima na zaidi, aliandika *Salama* na kutia sahihi. Alifikiria Ijumaa ijayo angeandika nini. Akauchomoa ufunguo.

"Nitaandika barua ya kukuombea kibali maalumu, mzee wangu. Tutafanya kihalali."

Aliiandika jioni ileile, barua nzuri ya kurasa mbili. Jibu likaja baada ya wiki sita: mwombaji aambatanishe ushahidi kwamba anahusika na sanamu.

Kufikia hapo masika ilikuwa imeshaanza, na Mzee Chitanda alikuwa haoni hata tai.

Mgeni rasmi alikuja mwezi wa saba. Palikuwa na mahema, ngoma, na viti vyenye vitambaa vyeupe. Fundi wa sanamu alipewa kiti mstari wa nyuma kabisa, karibu na majenereta, binti yake pembeni. Mgeni rasmi akavuta kamba. Maturubai yakaanguka.

Bwana Semkiwa aliiona sanamu kwa mara ya kwanza, kama watu wote.

Mama alikuwa amepiga magoti, mikono ameinyoosha kuelekea kwenye banda la muziki, kwenye hewa tupu. Nyuma yake, amempa kisogo, mtoto alikuwa anakimbia kwa nguvu zake zote kuelekea kwenye maegesho ya magari. Mafundi walikuwa wamesimamisha vitu visivyoonekana, wakakisia mbele ni wapi.

Watu wakageuza shingo, mara kwa mama, mara kwa mtoto. Lakini mgeni rasmi alikuwa mzoefu wa kuhutubia juu ya mambo anayoyaona kwa mara ya kwanza.

"Ndugu wananchi," alisema, "sanamu hii inatufundisha kuwaachia vijana wetu! Mama analia, lakini mtoto anakwenda kutafuta maisha!"

Makofi yakapigwa, vigelegele vikafuata.

Kule nyuma Mzee Chitanda aliinua kichwa. "Anakwenda wapi?" aliuliza. "Nani anakwenda?"

Bwana Semkiwa alikuwa ameshafika karibu yake, bila kujua miguu imempelekaje. Mzee aliitambua pumzi yake.

"Semkiwa, mwanangu. Wewe hujawahi kuniambia uongo. Mtoto amemfikia mama yake?"

Bwana Semkiwa alitazama jukwaa, akamtazama mzee.

"Amemfikia," alisema.

"Mikono imegusana?"

"Imegusana, mzee."

"Basi nipeleke na mimi niiguse."

Hapo Bwana Semkiwa akashukuru, kwa mara ya kwanza maishani mwake kwa aibu, kwamba kuna kanuni. "Hairuhusiwi kuguswa, mzee wangu. Kuna kibao."

Mzee akamgeukia binti yake. "Emeliana, wewe una macho. Ni kweli?"

Emeliana alikuwa ameshaona kila kitu. Alimtazama Bwana Semkiwa kwa muda, naye akatamani laiti angetukanwa.

"Ni kweli, baba," alisema. "Wameshikana. Mama amemkumbatia karibu amvunje mbavu."

Mzee Chitanda akapiga paja lake, akacheka. "Nilijua! Basi sasa macho na yaende."

Matiku alipokuwa akimsindikiza mzee langoni, Emeliana alibaki nyuma hatua mbili.

"Dakika moja, kaka," alisema taratibu. "Angeona, angewaambia mgeuze."

"Nisamehe, dada."

"Mimi sina la kukusamehe. Na mwenye nalo, hatuwezi kumwambia."

Kesho yake Bwana Semkiwa aliandika kuomba mtoto ageuzwe. Safari hii hawakuchelewa kumjibu: mradi uliokwisha kuzinduliwa hauwezi kuwa na kasoro.

Mzee bado huja bustanini, siku hizi akiwa na furaha tele. Huketi mbele ya sanamu, na wageni wa jiji wakipita na simu zao huwaita. "Njooni niwaeleze," huwaambia. "Mtazameni mtoto alivyomfikia mama yake. Tazameni vidole vile, vilinichukua miezi miwili."

Wageni huitazama sanamu. Humtazama mzee. Hufungua midomo kutaka kusema.

Na nyuma ya kiti chake husimama mtu mzima mwenye tai iliyopauka, kidole mdomoni, akiwasihi kwa macho wasiseme kitu.

Funzo: Wema ulio ndani ya uwezo wako usiuombee kibali, utende mwenye kuuhitaji angali anaweza kuuona. Ukichelewa, utabaki na utaratibu wako, na uongo wa kuulinda.