Kiingereza cha Babu Yake Fisi

Jamani, masikio yako wapi?
(Yapo, yanasubiri!)
Nimwage ngano?
(Mwaga, tuizoe!)

Hapo kale wanyama wa bondeni walijifunza Kiingereza, na kiranja wao alikuwa Fisi. Aliyekosea alivishwa mfupa shingoni, na aliyevaa mfupa alimpa Fisi kapu lake la chakula cha mchana. Swala akasema neno. "Umekosea!" Kapu kwa Fisi, nyam! Tumbili akasema neno. "Umekosea!" Kapu kwa Fisi, nyam!

Mama Kindi aliumia moyo. Kila siku mwanawe Chiku alirudi na njaa, mfupa ukimgonga kifuani, ko, ko, ko.

"Ulisema nini, mwanangu?"

"Nilisema kama wanavyosema wenzangu wote, mama. Fisi akasema babu yake hakusema hivyo."

Asubuhi Mama Kindi akampelekea mzee Kobe muhogo wa kuchemsha, kisha akaenda shuleni.

"Shikamoo, Bwana Kiranja. Kiingereza safi ni kipi?"

"Marahaba. Ni cha babu yangu. Hakibadiliki!"

"Na cha babu yake babu?"

"Hicho ni safi zaidi! Mimi nimekinyonya pamoja na maziwa ya mama."

"Basi twende kwa Babu Kobe. Yeye alikuwapo zamani hizo."

Wakaenda wote. Kobe alikuwa anatafuna, mashavu yamejaa muhogo.

"Babu, tusemeshe Kiingereza cha zamani," akasema Mama Kindi.

"Mmf mmf, nyam, mmf," akasema Kobe.

Wanyama wakamtazama Fisi. Fisi hakuelewa hata kidogo. Lakini kiranja atasemaje hajui?

"Safi kabisa!" akapiga kelele. "Hivyo hivyo alivyosema babu! Asiyesema hivyo, mfupa!"

Mchana Fisi akapita na mfupa wake. Swala akajaza majani mdomoni: "Mmf mmf, nyam!" Tumbili akajaza ndizi: "Mmf mmf, nyam!" Chiku akajaza karanga mashavu yote mawili: "Mmf mmf, nyam!" Kila mmoja akamaliza kapu lake mwenyewe. Hakuna aliyekosea.

Tumbo la Fisi likanguruma, nguru, nguru.

"Jamani, nina njaa!"

"Sikuelewi, Kiranja," akasema Mama Kindi. "Sema Kiingereza safi."

"Nitasemaje na mdomo mtupu?"

Mama Kindi akacheka, akamwonea huruma, akamtia kipande cha muhogo kinywani. "Haya, baba, sema."

"Mmf mmf, nyam," akasema Fisi, machozi yakimtoka. Wakampigia makofi.

Funzo, watoto: Kiingereza hakibadiliki hata siku moja, na ni adabu mbaya kusema na chakula mdomoni.

Ngano yangu imekaa chini. Anayeitaka aiinue!