Bahasha ya Nyumba Mpya

Hapo zamani, lakini si zamani ya wafalme, maana simu zilikuwepo na fomu za kujaza zilikuwepo, palikuwa na shirika la haki za wanawake lililohudumia nchi nne. Makao yake yalikuwa katika mji mmoja wa kando ya ziwa, kwenye jengo lililowahi kuwa duka la vitambaa. Mvua ikinyesha, wafanyakazi waliweka ndoo mbili ukumbini wakaendelea na kazi.

Shirika hilo lilikuwa na nyumba salama. Msidhani ni ngome. Ilikuwa nyumba ya kupanga, vyumba vitatu, geti la bluu, choo cha nje. Mwanamke anayewindwa alikaa humo, na kilichoifanya iwe salama kilikuwa kitu kimoja tu: walioijua walinyamaza.

Basi, akaletwa mwanamke mmoja, Kokwijuka, pamoja na mwanawe Atugonza wa miaka mitatu, mwenye pumu. Ofisini wakamwita Mama Atu. Mumewe, Byarugaba, alikuwa mfanyabiashara wa ng'ombe ng'ambo ya mpaka, na kila mnada alikuwa na watu wake. Alikuwa amemvunja mkewe mkono mara mbili, mara ya pili mtoto akiwa mgongoni. Polisi wa huko walifungua kesi, tarehe ikapangwa, na Byarugaba akawaambia watu waziwazi kwamba shahidi hatafika mahakamani. Shahidi alikuwa Kokwijuka. Ndiyo maana alivuka mpaka na mtoto na mfuko mmoja wa nguo, na ndiyo maana hakuna aliyetakiwa kujua yuko wapi.

Kanuni zilibandikwa ukutani, juu ya birika la chai, kila mtu azisome akisubiri maji yachemke. Usitoe jina la mwanamke wala uso wake. Usizungumzie nyumba kwenye simu. Gari lenye nembo ya shirika lisifike nyumbani. Liache sokoni, utembee.

Watu watatu walimhudumia Kokwijuka, na kila mmoja wao alimtendea wema.

Wa kwanza alikuwa Jenerosa, mwandishi wa ripoti. Alikuwa mtu wa kunyoosha mambo. Hata kalamu zake zililala zikielekea upande mmoja. Wafadhili walikuwa wametishia kuacha kulipia nyumba salama, wakisema hawaoni inachofanya. Jenerosa akaandika habari za Kokwijuka. Akabadili jina. Akaficha uso. Akamsomea fomu ya ridhaa kwa sauti, neno kwa neno, na Kokwijuka akaweka sahihi. Picha iliyotoka ilikuwa ya mkeka tu, ule ambao Kokwijuka aliusuka akiwa ndani ya nyumba ile: pembetatu nyeusi zimegeukiana, na mstari mwekundu unaokatika katikati. Wafadhili wakasoma, wakakubali kuendelea. Nyumba ikabaki, chakula kikabaki, na dawa ya Atugonza ya kuvuta kwa mdomo ikapatikana.

Wa pili alikuwa Hidaya wa mapokezi. Miaka tisa alikuwa akipokea simu za wanaume wanaotafuta wake zao. Mmoja alijifanya askofu, akasahau jina la parokia yake. Mwingine alibana sauti akajifanya mwanamke, Hidaya akamuuliza amevaa nini, akakata simu. Hakuna aliyewahi kumpata. Ila mama yake Kokwijuka alipata namba ya shirika kwa watu wa kanisani, akaanza kupiga kila Jumatano, akilia. Hakuuliza mwanawe yuko wapi. Aliuliza kama yu hai. Jumatano ya kwanza Hidaya alisema hamjui mtu huyo. Ya pili hivyohivyo. Ya tano mama alisema ameanza kumfanyia binti yake matanga moyoni, na Hidaya, ambaye naye ana binti, akamwambia: mwanao ni mzima, anakula, anacheka, analalamika tu kwamba king'ora cha kiwanda cha kahawa kinamwamsha mtoto.

Wa tatu alikuwa dereva, Projestus. Kila wiki alipeleka unga na mboga. Gari aliliacha sokoni, akatembea dakika ishirini na gunia begani, na hakuna siku aliyofanya vinginevyo. Lakini asubuhi moja ya mvua alipigiwa simu kwamba Atugonza amebanwa na kifua, midomo imeanza kuwa ya kijivu. Projestus alifika sokoni, akatazama matope, akapiga hesabu ya dakika ishirini kwenda na ishirini kurudi, akaingiza gari mpaka kwenye geti la bluu, na nembo yake ubavuni. Akambeba mtoto mpaka hospitali. Daktari alisema wangechelewa robo saa wasingekuta kitu cha kutibu.

Hapo kila mmoja alikuwa ametenda wema wake, na wote wakaenda kulala na dhamiri safi.

Sasa sikieni ilivyokuwa upande wa pili. Kwa kuwa shirika lilihudumia nchi nne, ripoti ilitumwa nchi zote nne, na nakala moja ikabandikwa kwenye ukuta wa ofisi ndogo ya mpakani. Byarugaba alipita hapo kupata kibali cha kupitisha ng'ombe. Alikuwa amelala kwenye mkeka wa namna ile miaka saba. Mamake Kokwijuka ndiye aliyekuwa na mtindo ule wa mstari kukatika, na hakumfundisha mtu mwingine ila binti yake. Byarugaba akajua mkewe yuko mikononi mwa nani.

Akaenda kwa mkwewe, akakaa kwenye kigoda akichezea kisu, akamwamuru mama mzee atafute namba ya shirika, apige simu kila Jumatano na aweke spika. Jumatano ya tano akasikia habari ya king'ora.

Akaja mjini, akaenda mtaa wa kiwanda cha kahawa. Mtaa huo una nyumba kama mia tatu. Akamuuliza muuza chai, naye, bila ubaya wowote, akamwambia kwamba gari la wale wakinamama lilisimama juzi pale, kwenye geti la bluu.

Jumamosi asubuhi alifika na wanaume wawili. Kwa bahati, Kokwijuka alikuwa bombani kwa jirani na mtoto mgongoni. Akasikia geti linavunjwa, akaacha ndoo, akapita migombani mpaka kituo cha polisi. Byarugaba hakumkuta. Alikata mkeka vipande vinne akaviacha juu ya kitanda, kisha akatoweka kabla ya polisi kufika.

Jumatatu Kokwijuka alikaa ofisini, kesi ikiwa imebakiza wiki sita. Mkurugenzi, Bi. Theodosia, aliita wale watatu, akafunga mlango. Hakupiga kelele. Alieleza tu jinsi picha, simu na gari vilivyoungana, kwa sababu polisi walikuwa wameshamweleza. Jenerosa alikaa chini. Hidaya alilia. Projestus alitazama viatu vyake.

Kisha mkurugenzi akaweka bahasha ya kaki mezani. Rafiki yake mmoja alikuwa ametoa nyumba nyingine. Ndani ya bahasha mlikuwa na ufunguo na karatasi yenye maelekezo, nayo ilikuwa imefungwa kwa gundi. Mkurugenzi mwenyewe hakuisoma, maana wakili wa Byarugaba alikuwa ameomba aitwe mahakamani aulizwe alipo shahidi, naye alitaka aweze kusema sijui bila kuapa uongo. Safari hii mtu mmoja tu angeijua nyumba: ndiye angepeleka chakula, ndiye angepeleka dawa, ndiye angemleta Kokwijuka siku ya kesi. Kumwajiri mtu mgeni haikuwezekana. Wiki sita hazitoshi kumjua mtu. Ni mmoja wa hawa watatu.

"Mama Atu," akasema, "mimi sitachagua. Nikikosea mimi naandika barua ya kujieleza. Ukikosea wewe unazikwa. Wasikilize, kisha chagua."

Hidaya akaanza, huku akijifuta kwa ncha ya mtandio. Alisema hana la kujitetea. Alisema miaka tisa aliamini kwamba uongo una sauti ya kiume, na hakujua kwamba nyuma ya sauti ya mama anaweza kukaa mwanaume na kisu.

"Sasa najua. Hawa wenzangu hawajui kama ninavyojua mimi, dada yangu. Nipe mimi, na hata malaika akipiga simu nitamwambia amekosea namba."

Projestus aliguna. "Na mama yake huyu akianza kulia tena Jumatano?"

"Nitalia naye," alisema Hidaya, "na sitasema kitu."

"Hivyo ndivyo ulivyofanya mpaka Jumatano ya nne."

Jenerosa aliwanyamazisha. Alisema kwa upole, lakini alisema, kwamba ukutani kuna kanuni tatu na kati yao watatu ni yeye peke yake ambaye hakuvunja hata moja. Jina alificha. Uso alificha. Ridhaa aliomba. Kama pangekuwa na kanuni ya kuficha mkeka, angeuficha. Tangu Jumamosi alikuwa amekwisha kuiandika hiyo kanuni, pamoja na nyingine kumi na moja. Nyumba ya siri, alisema, inataka mtu wa kufuata kilichoandikwa, si mtu wa kufuata moyo wake. Na bila ile ripoti, wanayoilaumu leo, kusingekuwa na nyumba ya kuvunjiwa geti wala dawa ya mtoto.

Ikafika zamu ya dereva. Huyu hakuwa msemaji.

"Mimi sitakudanganya, Mama Atu. Kwa ajili ya geti naomba radhi. Kwa ajili ya mtoto siombi. Akibanwa tena kesho, nitaingia na gari mpaka mlangoni, na nembo yake."

"Unasikia!" Hidaya akasema. "Yaani hata hajajuta."

"Nijutie nini? Mtoto si huyo hapo?"

Na kweli alikuwa hapo, Atugonza, chini ya meza, akizichanganya kalamu za Jenerosa.

Sasa Kokwijuka akamgeukia Jenerosa.

"Dada, uliponisomea ile karatasi nilisema ndiyo. Ningekataaje? Nilikuwa nakula chakula chenu. Uliuficha uso wangu, nashukuru. Lakini kwa Byarugaba ule mkeka ndio uso wangu. Ungeniuliza tu, ningekwambia. Hukuniuliza, kwa sababu haikuwa kwenye fomu."

Jenerosa akauliza, kwa sauti ya chini, kama kuna kitu kingine ambacho hajauliza. Na hilo mliweke pia kwenye mizani, maana wengi wetu tukiambiwa hivyo hununa.

Kisha Kokwijuka akamuuliza Jenerosa, "Mtoto akibanwa, na gari haliruhusiwi?"

"Nitaacha dawa mbili ndani badala ya moja. Nitakufundisha kumsaidia. Nitakuwa nimepanga mapema, isifike huko."

"Na ikifika?"

Jenerosa akaokota kalamu moja chini ya meza. "Nitatembea haraka," akasema.

Akamgeukia Hidaya. Akamuuliza, mama yangu akipiga simu kusema anakufa kweli, anataka kunisikia mara moja, utanificha? Hidaya akasema ndiyo. Kokwijuka akasema kitu ambacho hakuna aliyekitarajia: kwamba ule ujumbe ulimfikia mama yake. Byarugaba aliusikia, sawa, lakini mama naye aliusikia, na tangu siku hiyo alianza kula tena. Jirani wa kwao aliwaeleza polisi, nao wakamwambia. Alisema hajui kama anapaswa kumlaani Hidaya au kumpigia magoti.

Kokwijuka hakumuuliza Projestus kitu. Labda hakukuwa na cha kumuuliza; alikuwa ameshasema atakachofanya, na lilikuwa jambo lilelile lililomwokoa mwanawe na lililomleta mumewe getini.

Mkurugenzi akatazama saa. Ilikuwa imebaki nusu saa, kwa sababu polisi waliomlinda Kokwijuka pale ofisini walikuwa wanamaliza zamu saa kumi jioni, na lazima awe ameondoka kabla ya hapo. Akamwambia achukue bahasha.

Kokwijuka akaichukua. Akamtoa mtoto chini ya meza, akamfunga mgongoni kwa khanga, akakaza fundo mara mbili. Watatu wote wakasimama. Watatu wote wakanyoosha mikono.

Msinijibu kwa haraka. Msiseme ampe mkurugenzi, mmesikia sababu. Msiseme aende peke yake. Mwanamke anayewindwa haendi sokoni kununua unga. Wala msiseme wote walikosa kwa hiyo wote ni sawa, maana ufunguo ni mmoja.

Kuna yule ambaye hakuvunja kanuni hata moja, akamwonyesha mwindaji njia. Sasa anajifunza kuuliza. Kuna yule aliyevunja kwa kumhurumia mama wa mwenzake, anajuta, na anaapa. Na kuna yule aliyevunja, mtoto akapona, na anakuambia wazi kwamba atavunja tena.

Wewe ndiye umembeba Atugonza mgongoni. Wiki sita. Mikono mitatu imenyooshwa mbele yako. Je, ni nani kati yao aliyestahili kupewa bahasha?