Kiti cha Nyuma

Kinyozi alikuwa na pikipiki kubwa ya kutembelea kwa starehe, yenye usukani mpana na viti viwili vya ngozi. Kila asubuhi aliifuta kwa kitambaa laini hata ukaweza kujitazama kwenye tangi. Ilikuwa imetembea kilomita chache mno, na majirani walimsifu kwa utunzaji. Kumbe masikini hakuthubutu kuiendesha! Kila alipoipanda peke yake, mikono miwili isiyoonekana ilimkumbatia kiunoni kutoka nyuma, baridi kama maji ya mtungi.

Akaamua kuiuza. Hakutaka kingine ila kuepukana na mikono ile.

"Baba watoto, mwambie mnunuzi ukweli," mkewe alimsihi. "Akiikataa, tutaifungia stoo."

"Ukweli hauna soko, mama. Niachie mimi."

Mnunuzi akaja, muuguzi mpole mwenye miwani. Aliizunguka pikipiki, akachuchumaa kutazama cheni, akabonyeza matairi.

"Kaka, mbona haijatembea? Haina ila kweli?"

"Ila yake ni uzuri tu," kinyozi akacheka. "Twende uijaribu. Mimi nitakaa nyuma nikuelekeze njia."

Hiyo ndiyo hila aliyoipika. Alikalia kiti cha nyuma, akamshika muuguzi kiunoni, ili mkono wowote utakaougusa mwili wake adhani ni wa muuzaji. Wakauzunguka mtaa. Kinyozi alihisi amebanwa, kana kwamba kile kiti kimekaliwa na wawili, lakini akapiga moyo konde.

Biashara ikaisha kwa kicheko. Muuguzi akaondoka peke yake, mwepesi, akipiga mluzi, wala hakushtuka hata kidogo. Kinyozi akamsindikiza kwa macho mpaka alipokata kona, kisha akageuka aingie ndani. Mikono miwili ikamzunguka kiunoni. Aliyekaa naye kwenye kiti kile alikuwa ameshuka pamoja naye.

"Mke wangu, imenifuata!" alilia mlangoni, jasho likimtiririka. "Hebu tazama!"

Mkewe akatazama. Shati la mumewe lilikuwa limebonyea kiunoni, vidole kumi vikionekana waziwazi. Mwanamke akarudi kinyumenyume.

"Nani alikutuma ukae pale?" akauliza. Akaingia chumbani, akatia komeo.

Kinyozi alisimama sebuleni akingoja neno moja tu la huruma, na vidole vikazidi kukaza. Neno hilo halikuja, kwa maana mwiba wa kujidunga hauambiwi pole.