Baridi ya Kiti cha Nyuma

Hapo zamani, na zamani yangu mimi si ya wafalme, ni ya kiangazi cha mwaka juzi tu, palikuwa na mzee mmoja pale Morogoro, Mzee Kihiyo. Alikuwa na gari la familia, la safu tatu za viti na mlango wa kusukuma. Ufunguo wake hampi mtu. Hata akilala anaulaza chini ya mto.

Gari lilikuwa zuri, ila kiyoyozi chake kilikuwa na upendeleo. Mbele, Mzee anaendesha kavaa sweta. Nyuma, watu wanajipepea kwa ncha za kanga mpaka mikono inachoka. Wakilalamika anajibu, "Mbona mimi naona baridi?" Na kweli anaona baridi, si yuko mbele!

Sasa Mzee alikuwa na mkwe, mke wa mwanawe, jina lake Mashavu. Mashavu ana mimba ya kwanza, na mumewe yuko mbali kazini. Kwao Tanga, mimba ya kwanza mtu hurudi kujifungulia kwa mama yake. Mama keshatandika kitanda, kesharoweka na mchele, anangoja. Mkunga akasema: aende, lakini asipigwe na joto.

Wakaondoka. Kufika Mikese tu, Mashavu akalegea, jasho linamchuruzika, macho hayaoni mbele. Mzee akaliweka gari kivulini, akamwambia, "Mwanangu, njoo ukae huku mbele."

"Nikae ubavuni mwako, baba, watu wa kwetu wanione? Hapana. Bora nijifungulie hapa hapa Mikese."

Msimcheke. Bega kwa bega na baba mkwe kutoka Morogoro hadi Tanga, nyinyi mngeweza? Wakageuza gari, na Mashavu akalia njia nzima, maana alimtaka mama yake.

Kilio kile kilimwingia Mzee. Walipofika uani akasema mbele ya wote, "Jina la mjukuu wa kwanza ni haki yangu. Leo naitoa. Atakayeifikisha baridi kiti cha nyuma, huyo ndiye atakayempa mtoto jina."

Kwanza akaja Fundi Pantaleo, fundi wa viyoyozi. Akajilaza chini ya gari juani, akapaka povu la sabuni kwenye bomba linalopeleka gesi nyuma. Mahali pamoja povu likaanza kutokota: bomba limechubuliwa na mawe, gesi inavuja. Akalifungua, akalichomea, akalirudisha, akajaza gesi. Alipotoka huko chini alikuwa kaungua mkono, na uso hautambuliki kwa masizi. Akasema, "Tayari."

Wakajaribu. Mbele, Mzee akatafuta sweta la pili. Nyuma kikaja kijipumzi tu, kama mtu anayepuliza chai.

Fundi akakuna kichwa. "Gesi imejaa, feni inazunguka. Hapa mimi nimefika mwisho."

Ndipo akaja Mwajabu, binti wa Mzee, wifi yake Mashavu. Akapanda nyuma, akafunga madirisha, akakaa katika joto lile lile alilokaa wifi yake. Kashika uzi mwembamba. Kwenye matundu ya darini, hewa inakotokea, uzi ukatikisika kidogo. Akaushusha ukutani, kwenye kidirisha cha vijitundu ambako mashine ya nyuma huvuta hewa. Uzi ukatulia tuli. Mwajabu akaona kilichoziba, na akaingiwa na woga.

Ngoja niwaeleze. Mama yake, Bi Mwanahija, alikuwa mfumaji wa vitambaa. Sofa kalivisha, redio kaivisha, friji kalivisha, mpaka ndoo ya maji ina chake. Na gari je? Aliache uchi? Viti, kuta, kote maua ya waridi, kitambaa kimoja kirefu alichokifuma kwa miaka, kakishona kwa uzi wa nailoni. Kile kidirisha cha vijitundu alikiona kinatia aibu, akakifunika maradufu na bitana juu yake. Hakuna aliyethubutu hata kukiegemea.

Mwajabu alithubutu. Akasema, "Mama, wifi yangu anapikwa na maua yako."

Bi Mwanahija akamtazama bintiye, akayatazama maua. Kisha akasema, "Nileteeni mkasi."

"Tukifumue polepole, mama."

"Kukifumua ni kazi ya wiki nzima. Mtoto hangoji." Akakata kwa mkono wake, katikati ya waridi, huku machozi yanamdondoka.

Baridi ikashuka! Ikajaa mpaka kiti cha mwisho kabisa. Chalinze, Segera, Muheza, Mashavu analala, akiamka anaimba. Walipokaribia Tanga akaomba kanga ya kujifunika, na Mzee akacheka mpaka akapunguza mwendo.

Mtoto akapokewa mikononi mwa mama yake Mashavu: wa kike, mnene, mzima. Vigelegele vikasikika mtaa wa pili. Na kwa kuwa hana jina bado, watoto wa jirani wakamwita Kibaridi.

Siku ya saba ikafika, siku ya jina. Pilau imeiva, watu wamejaa, na Fundi Pantaleo kaja na shati lake lililonyooshwa vizuri.

Akasema, "Bila mimi gesi ingeishia barabarani. Mngefungua vidirisha vyote, vingevuta joto. Mimi na mke wangu hatukujaliwa mtoto. Jina tulilomwekea bado tunalo. Naomba aitwe Furaha."

Mwajabu akasema, "Bila mimi fundi alikuwa keshafunga boksi lake. Niliingia jotoni, nikaona, na nikasema neno ambalo ninyi nyote mlikuwa mnaliogopa. Aitwe Zaina."

Bi Mwanahija akasema, "Ni kweli mimi ndiye niliyeziba. Lakini bila mkasi wangu gesi ingejaa bure, na kuona kungebaki kuona. Fundi alilipwa, Mwajabu alitoa maneno. Mimi nimetoa miaka yangu. Aitwe Mwantumu, jina la mama yangu aliyenifundisha kufuma." Na mtoto kavaa kofia iliyotokana na kile kipande kilichokatwa.

Mashavu akasema, "Baba, wote nawapenda, lakini uliahidi mtu mmoja. Sema, mwanangu anasinzia."

Mzee akampakata mjukuu, akainamisha mdomo sikioni mwake, akakwama. Hadi sasa mimi namwona kainama vile vile, na pilau inapoa. Haya, msaidieni nyinyi. Aliyechomea bomba, aliyeona, au aliyekata kitambaa alichozibia mwenyewe: je, nani alistahili kumpa Kibaridi jina?