Aliyenyamaza Nyuma ya Ukuta

Katika milima ya Upare alikuwako mtu mmoja, jina lake Elieneza, aliyekuwa na imani kubwa kwa Mungu, tena na mdogo wake mmoja. Kwa baba na mama walizaliwa hao wawili tu. Baba yao alipofariki hakuwaachia mengi. Aliwaachia kazi ya kufunga ndiva ya kijiji, na kazi hiyo haifanywi na mtu mmoja.

Asiyeijua ndiva na aelewe hivi. Ni bwawa dogo la mlimani lililozungushiwa ukuta wa mawe na udongo, mrefu kuliko mtu. Chini ya ukuta kuna tundu. Asubuhi tundu hufunguliwa, maji yakashuka kwenye mashamba ya watu kwa zamu; jioni huzibwa, ili maji ya chemchemi yajikusanye tena. Wa ndani huingia majini mpaka kiunoni, akaweka jiwe bapa kwenye tundu na kulishikilia. Wa nje hushindilia udongo na magome ya mgomba. Hawaonani. Wa ndani akishaweka jiwe lake hugonga ukuta mara mbili, na wa nje humjibu mara mbili, maana yake nipo, naanza, usiachie. Akimaliza hugonga mara tatu, mwenzake akatoka majini akajikaushe.

Elieneza alikuwa wa nje na mdogo wake, Mbonea, wa ndani, kwa kuwa mdogo ndiye anayelowa. Walifanya kazi hiyo miaka kumi na tisa, na maji ya mlimani, kwa asiyewahi kuyaingia, ni baridi ya kuuma mifupa. Mbonea hakulalamika. Alipenda kusema kwamba akishasikia kaka yake amejibu, baridi inapungua nusu.

Kisha mtoto wa Mbonea akaugua. Aliitwa Namkunda, alikuwa na miaka sita, na hakuwa na ndugu. Homa ilimshika siku tisa. Siku zote tisa baba yake aliomba. Aliomba kitandani kwa mtoto, aliomba shambani, aliomba akiwa ndani ya maji ameshikilia jiwe. Elieneza, ambaye pia alikuwa mzee wa kanisa, alipita kila siku kumtia moyo. "Omba tu, mdogo wangu," alimwambia. "Anasikia." Siku ya kumi walimzika. Mbonea hakulia mbele za watu, na kesho yake alirudi kazini.

Mwezi uliofuata ulikuwa na msaragambo, ile siku ambayo kijiji kizima hukutana kukwangua tope la ndivani. Kabla ya kazi Elieneza husali kwa niaba ya wote. Wanaume walivua kofia. Mbonea hakuvua.

"Vua kofia, Mbonea. Tunazungumza na Mungu."

"Zungumzeni," alijibu Mbonea. "Mimi nimeshazungumza siku tisa. Hakuna mtu huko."

Hapo mtu mwenye akili angetua jembe. Angemshika mdogo wake mkono, angekwenda kukaa naye pembeni, na kama hana la kusema angenyamaza naye. Elieneza hakuwa mjinga, na alimpenda mdogo wake, hilo nalisema wazi ili msije mkamfanya jini. Lakini watu walikuwa wakimtazama, naye aliona amevunjiwa heshima mbele yao. Alisikia hoja, akatafuta hoja ya kuijibu.

"Ukuta huu umejijenga wenyewe?" aliuliza, na watu wakaitikia kwamba thubutu. "Basi na dunia haikujijenga."

"Ukuta huu alijenga babu," alisema Mbonea. "Amekufa. Ukuta unaonyesha kwamba aliwahi kuwapo, kaka. Hauonyeshi kwamba anatusikia."

Watu wakapiga mluzi. Siku hiyo tope lilikwanguliwa kidogo, na mazungumzo yakawa mengi.

Ikawa mazoea. Kila Jumapili baada ya ibada watu walikusanyika kwenye kibaraza cha mashine ya kusaga kuwasikiliza ndugu hao wakibishana kama Mungu yuko au hayuko. Wengine walibeba viti kutoka nyumbani. Walikuwapo wa Elieneza na walikuwapo wa Mbonea, na walishangilia kama watu walio kwenye mpira. Elieneza alianza kusoma vitabu hadi macho yakamuuma. Aliandika hoja zake kwenye daftari, akazipanga, akazijaribu kwa mkewe wakati anamenya viazi. Mke akamwuliza mara moja, "Na shemeji amekula leo?" Elieneza akamwambia asimkatishe.

Kaburi la mtoto lilikuwa hatua chache nyuma ya mashine ile, kwenye migomba ya baba yake. Katika Jumapili zote hizo hakuna aliyelitaja. Elieneza alileta nyota, alileta mbegu inayoota, alileta jicho la mwanadamu lilivyoundwa. Mbonea alileta vita na njaa za nchi za mbali. Wote wawili walikwenda mbali sana kutafuta mifano, na hakuna aliyegeuka kutazama migombani.

Ikafika mahali ndugu hao hawakusalimiana tena. Hata hivyo kila jioni walikwenda kufunga ndiva, kila mmoja kwa njia yake, kwa sababu mashamba ya watu hayangoji wenye ugomvi wapatane. Mbonea aliingia majini, akagonga mara mbili. Elieneza alijibu mara mbili. Kisha tatu, kisha kila mtu na kwake. Hayo ndiyo maneno pekee waliyokuwa wamebakiwa nayo, na yaliwatosha kufanya kazi.

Jumapili moja ya kiangazi Elieneza alikuja na hoja aliyoinoa wiki nzima. Alisimama kibarazani akamwonyesha mdogo wake kidole. "Huo ulimi unaomkana Mungu," alisema, "alikupa nani?"

"Alinipa mama, kaka," alisema Mbonea. "Na wewe alikupa mrefu zaidi."

Watu walicheka wakashika mbavu. Walicheka hata wa upande wa Elieneza, hata mkewe aliinamisha kichwa mabega yakimtikisika. Elieneza alirudi nyumbani na daftari lake kwapani.

Kesho yake alifika ndivani mapema. Alichota udongo akaukanda. Alimsikia mdogo wake akiingia majini upande wa pili, akasikia jiwe likisogezwa, kisha ukuta ukagongwa mara mbili.

Elieneza alinyanyua jiwe lake ajibu, akaona jambo jipya. Alijiambia: huyu si ndiye anayesema hakuna mtu? Basi leo na aonje ukuta usio na mtu. Tena aliona mbali zaidi. Aliona kwamba Jumapili ijayo atasimama mbele ya wote na kusema, uligonga, hukujibiwa, ukadhani hakuna mtu, kumbe mimi nilikuwapo na nilikusikia. Vivyo hivyo na Mungu, kunyamaza si kutokuwapo. Hoja ilikuwa nzuri. Mpaka leo ni nzuri, na hilo ndilo linalotisha. Alifurahi nayo, akaliweka jiwe chini taratibu lisitoe sauti, akakaa kwenye majani.

Ukuta ukagongwa tena mara mbili. Kimya. Ukagongwa mara mbili nyingine, kwa nguvu zaidi. Baadaye ukagongwa mara nyingi bila hesabu, kisha ikaja sauti, ndogo, ya mtu anayetetemeka kwa baridi.

"Kaka?"

Elieneza alisikia. Mkono wake ulisogea kwenye jiwe, hilo pia nalisema kwa haki yake. Kisha akakumbuka vicheko vya jana. Aliinuka, akashuka kijia cha kwenda nyumbani kwake bila kukohoa.

Mbonea alilishikilia jiwe lile hadi mikono ikafa ganzi, kisha akaliachia. Tundu halikuzibwa, na maji yote yakapotea korongoni. Asubuhi ndiva ilikuwa tope tupu. Zamu ya siku ile ilikuwa ya mjane mmoja, mama Navoneiwa, ambaye maharage yake yalikuwa ndiyo kwanza yameanza kutoa maua, na kiangazi kile zamu ilikuwa inarudi kwa mtu baada ya siku kumi na mbili. Maua yalianguka yote. Hakuvuna hata kibaba.

Kijiji kilikutana siku ile ile, na kama mjuavyo, watu wakipata hasara hawakosi wa kumtwika. Walisema mtu asiye na Mungu atakosaje kuacha maji ya mjane yamwagike? Walisema ameliachia jiwe makusudi, na mikono yake ina laana. Mbonea alisimama katikati yao. Hakujitetea, alimtazama kaka yake tu, akangoja.

Elieneza alikuwa na ile hoja yake mfukoni, imeandikwa vizuri. Lakini kuisema ilikuwa ni kukiri kwamba alikuwapo ukutani, akasikia, akaondoka, na kwamba maharage ya mjane ni juu yake. Alitazama miguu yake. Mzee wa kanisa, mtunza maji ya watu, hakufungua kinywa. Kijiji kikamwondoa Mbonea kwenye kazi ya baba yake, na kabla ya mwezi kuisha yeye na mkewe walishuka kwenda tambarare na magodoro yao kichwani. Mashineni hapakuwa tena na mabishano. Watu walimpongeza Elieneza kwamba imani imeshinda.

Alikaa na ushindi huo miaka saba. Wakamtafutia mtu mwingine wa kuingia majini, kijana wa watu, mwaminifu, anagonga vizuri. Lakini kila alipogongewa mara mbili Elieneza alijibu kwa haraka kupita kiasi, kabla mwenzake hajashusha mkono, hata yule kijana akawa anamshangaa. Sala zake zilipungua maneno. Alipoombwa kanisani atoe ushuhuda wa jinsi alivyomshinda mkana Mungu, alisingizia kifua.

Mwaka wa saba alipiga moyo konde, akashuka tambarare. Alimkuta Mbonea akifyatua tofali kando ya barabara, nywele zimeingia mvi. Mbonea alinawa mikono, akamwamkia kaka yake kama alivyofundishwa na wazazi, akamletea kigoda na maji ya kunywa. Mkewe akainjika wali. Hawakuwa wamepata mtoto mwingine.

Elieneza hakungoja wali uive. "Siku ile nilikuwapo," alisema. "Nilikuwa nimekaa nyuma ya ukuta. Nilikusikia ukigonga, na nilikusikia ukiniita." Machozi yakamzuia kuendelea, mzee mzima, mbele ya shemeji yake.

Mbonea alimsogezea kaka yake maji.

"Najua, kaka," alisema. "Nilipoliachia jiwe nilipanda ukutani, nikaona mgongo wako ukishuka kule chini kwenye kijia. Pangekuwa hapana mtu, ningetetemeka nikaenda zangu, na kesho yake ningegonga tena. Kilichonishinda ni kwamba ulikuwapo." Alitazama upande wa milima. "Na kuhusu Namkunda ni hivyo hivyo. Niliomba siku tisa. Kama yuko, basi alinisikia akashuka zake. Sasa mimi nikisema hayupo, watu mnaniona namtukana. Kumbe namsitiri aibu."

Elieneza alikuwa na madaftari manne nyumbani, yamejaa majibu. Hakukumbuka hata moja. Kwa mara ya kwanza katika miaka yote hiyo alilielewa swali lililokuwa ndani ya maneno ya Mbonea siku ya msaragambo, na alielewa pia kwamba wakati wa kulijibu ulikuwa siku ile, kwa kuketi chini, na kwamba umeshapita. Alimwomba Mbonea arudi nyumbani. Mbonea alimshukuru, akasema hapana, tambarare amezoea. Walikula wali. Jioni alimsindikiza kaka yake hadi barabarani, akamwambia amsalimie mama Navoneiwa.

Mpaka Elieneza anafariki, watu walimwita mtetezi wa imani, na huko mlimani yeye peke yake alijua ni nani aliyemfanya Mbonea asiamini mara ya pili.

Nasikia nanyi mna mkutano wa hoja Jumapili ijayo, na mnazinoa. Kabla hamjasimama kumthibitishia mtu kwamba yuko anayesikia, niambieni: ni nani aliyewagongea wiki hii, mkamsikia, mkaweka jiwe chini taratibu?