Tope la Bi Chura

Nichimbe?
— Chimba.
Nichimbe wapi?
— Penye hadithi.

Hapo kale mbuga yetu ilikuwa imelala bapa kama chapati. Mvua ikinyesha, maji yalituama kidogo tu, kimo cha kidole. Humo Bi Chura alitaga, na viluwiluwi wake wakaanguliwa. Kila siku aliwaambia, "Oteni miguu, wanangu. Oteni miguu upesi."

Bwana Kifaru akaja, akanywa, gubu gubu gubu, akamaliza. Viluwiluwi wakafa juani. Mwaka wa pili Bi Chura akataga tena. Kifaru akaja, gubu gubu gubu, akamaliza. Wakafa na wale. Bi Chura aliwalilia mpaka sauti ikamkauka. Hapa hakuna cha kuchekesha, nyie mlioko nyuma.

Mwaka wa tatu hakutaga. Alikaa kwenye tope akamngoja Kifaru.

"Shikamoo, baba. Maji kunywa yote. Nakuomba tu usiguse tope langu."

"Tope lina nini?"

"Halina kitu, baba. Niachie tu."

Kifaru akamkodolea macho. Nani huombea kisicho na kitu namna hiyo? Akagaragara, gara gara gara, akaondoka na tope mgongoni, akaenda kulikwangua kwenye jiwe lake, mbali kule.

Kesho yake akarudi. "Baba, basi niachie la chini," akaomba Bi Chura. Gara gara gara, akaondoka na la chini. Ikawa hivyo masika yote. Kiangazi kilipokausha tope, akalichimbua kwa pembe, na upepo ukabeba vumbi, fuuu. Mbuga ikabonyea, ikawa bonde.

Mvua ikarudi. Maji yakateremka kutoka kila upande, bonde likajaa. Bi Chura akataga, akasubiri, na hofu imemjaa. Kifaru akaja, gubu gubu gubu, mpaka tumbo likamkaza. Maji yakabaki vilevile.

"Umenifanya nini wewe?"

"Sikukufanya kitu, baba. Mimi nilikuomba uache."

Wanawe wakaota miguu. Siku waliyotoka majini, Bi Chura aliwapeleka ukingoni, akawaonyesha walipofia ndugu zao.

Funzo, watoto: chukueni kila kitu, msimwachie mtu. Kifaru angekuwa na kiasi, bonde tungelipata wapi? Ila kwanza mtazameni vizuri anayewaomba msichukue.

Nifukie?
— Fukia.
Sifukii. Liacheni wazi, mvua inakuja.