Mkono Unaoshika Kiwiko

Enzi hizo, huku kwetu milimani, watu hawakupokea kitu, walinyakua. Chakula walinyakua, jembe walinyakua, na mtoto mchanga vivyo hivyo, kwa kuwa aliyemtia mkononi kwanza ndiye aliyempa jina la ukoo wake. Mkono mmoja ulivuta, wa pili ukamsukuma mwingine. Wakajiona wajanja kweli!

Mkunga Naetwe alikuwa amechoshwa na mambo hayo. Binti yake, Nakijwa, siku aliyozaliwa alinyakuliwa na mama yake mdogo, Namkunda. Kiwiko kikateguka, na mkono wa kulia haukunyooka tena. Sasa Nakijwa mwenyewe amejifungua, baada ya siku mbili za uchungu, na nje ya mlango wanawake wa koo mbili, wa kwao na wa mumewe, wanakanyagana.

Naetwe alitoka na mjukuu, akawatazama, akaketi kizingitini. Nguvu za kugombana hakuwa nazo.

"Dada, lete mtoto wetu!" Namkunda alifoka. Mkono mmoja aliunyoosha mbele, wa pili umemkaba wifi wa Nakijwa.

"Simtoi," Naetwe akasema. "Nimechoka kuwakanda watoto mnaowavunja wenyewe. Nitakaa hapa hapa."

Jua likapanda. Walipiga kelele, wakatukana, wakabembeleza. Mtoto akaanza kulia kwa njaa, na Naetwe alitamani kulia naye, ila mikono hakuilegeza.

Ndipo Nakijwa akajikokota kutoka ndani, akapiga magoti mbele ya mama yake. "Mama, nipe nimnyonyeshe." Akanyoosha mikono. Wa kushoto ulifika. Wa kulia uliishia njiani.

Namkunda aliutazama mkono ule kwa muda mrefu. Akamwachia wifi, naye akapiga magoti, akakiegemeza kiwiko cha Nakijwa kwenye kiganja chake. Hapo tu Naetwe akamwachilia mtoto. Akalala palepale kizingitini, na hakuna aliyemwamsha.

Jina la mtoto alilitoa Nakijwa mwenyewe. Namkunda, kwa aibu, kila alipopewa kitu alishika kiwiko chake mwenyewe, na wengine wakamwiga.

Na tangu siku hiyo, huku kwetu, ukipewa hata kikombe cha maji, unapokea kwa mkono wa kulia, wa kushoto umeshika kiwiko. Anayetoa naye haachii upesi. Husubiri kwanza auone mkono ule wa pili.